Meli ya Rufiji: Naitamani Part 2, na Naiogopa

Basi ndugu zangu, leo tuache siasa kidogo tuongee sinema. Ila sinema yenyewe imebeba historia, na historia hiyo ni ya kwetu Rufiji, kwa hiyo mnivumilie.

Nilipokuwa shule ya msingi pale Ngorongo, kulikuwa na kibanda kimoja cha video. Jenereta nje, mabenchi ndani, magunia dirishani kuzuia mwanga, kiingilio shilingi 100. Tuliangalia chochote kilicholetwa kutoka Ikwiriri: Wachina, Wanigeria, Kanumba. Siku moja mwenye kibanda akaja na sidii ya zamani, picha zimepauka, akatangaza: "Leo sinema ya Rufiji." Tukacheka. Tangu lini Rufiji ikawa na sinema?

Ilikuwa Shout at the Devil, ya mwaka 1976. Lee Marvin na Roger Moore wanawinda ndovu kwa wizi katika koloni la Wajerumani, ofisa mmoja mnene wa Kijerumani anawasaka, halafu vita inaanza na manowari inajificha kwenye mikoko ya delta. Haikuwa imetafsiriwa. Lufufu hakuwahi kutufikishia hiyo, kwa hiyo mwenye kibanda alitutafsiria mwenyewe, na nusu ya aliyosema (nimekuja kugundua ukubwani) aliyatunga. Hatukujali. Meli ilipolipuka kibanda kizima kilisimama. Wiki nzima tulicheza vita ya meli kwenye mchanga wa mto, na ugomvi ulikuwa mmoja tu, nani awe steringi.

Sasa, mtoto aliyekulia kwenye sidii za Bongo anajua kwamba kila sinema ina Part 1 na Part 2, kila moja na kasha lake na bei yake. Tukaanza kuidai ya pili. "Kaka, Part 2 imefika?" Jibu lake miaka yote lilikuwa lile lile: "Iko njiani, inatoka Dar." Haikutoka Dar. Haikutengenezwa popote.

Nilipofika chuo nikaanza kusoma mambo ya meli ile. Kwenye sinema inaitwa Blücher, lakini ya kweli ni Königsberg, urefu wa meta 115, nahodha wake Max Looff. Ilifika Dar es Salaam Juni 1914. Vita ilipoanza ikazamisha meli ya mizigo ya Waingereza, City of Winchester, na tarehe 20 Septemba 1914 ikaipiga manowari HMS Pegasus palepale bandari ya Zanzibar. Kisha mitambo ikachoka, ikaingia delta ya Rufiji kujificha. Waingereza wakaigundua mwishoni mwa Oktoba, wakafunga njia za kutokea baharini. Mwindaji ndovu wa sinema naye ana ndugu yake wa kweli: P. J. Pretorius, mwindaji aliyewapelelezea Waingereza ndani ya mikoko ile. Wakaleta ndege, wakaichukua Mafia Januari 1915, wakavuta kutoka Malta manowari mbili za kina kifupi, Severn na Mersey. Walipiga tarehe 6 Julai 1915, wakarudi tarehe 11. Looff akaamuru meli yake izamishwe.

Kwenye sinema ni bomu la steringi ndilo linalomaliza kazi. Sawa, sinema ni sinema.

Lakini sikilizeni hii. Kabla meli haijafa, sehemu za mitambo yake zilitolewa delta zikavutwa nchi kavu hadi Dar es Salaam kutengenezwa, halafu zikarudishwa. Vyuma hivyo vilipita kwenye tope na mchanga kwa mabega ya watu. Watu gani? Wa huku huku. Miaka 9 tu nyuma, tarehe 4 Agosti 1905, Wajerumani walimnyonga Kinjikitile Ngwale pale Mohoro. Kwa hiyo waliopewa kamba mwaka 1914 walijua vizuri mtu anayekataa anafanywa nini. Hilo halimo kwenye sinema hata kwa dakika moja.

Na ile Part 2 tuliyoidai, kumbe ilikuwepo. Haikuigizwa tu. Mizinga yote 10 ya Königsberg ilitolewa majini, ikaenda kupigana vita ya nchi kavu chini ya Lettow-Vorbeck. Mmoja leo uko Fort Jesus, Mombasa, na mwingine Pretoria. Septemba 1916 Waingereza waliichukua Dar es Salaam, vita ikasogea kusini, ikafika mtoni kwetu. Tarehe 4 Januari 1917 mwindaji maarufu Frederick Selous, akiwa na miaka 65, alipigwa risasi akafa Beho Beho, juu zaidi ya mto kutoka Ngorongo. Pori likapewa jina lake, na sehemu kubwa ya pori hilo tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Halafu zikaja mvua na mafuriko ya 1917, majeshi yote mawili yakiwa na njaa, na wapagazi wakifa kwa maelfu kwa maradhi na uchovu. Kariakoo mnayokwenda kununua viatu imebaki na jina lao.

Bibi yangu alikuwa anasema baba yake alichukuliwa kubeba mizigo, akarudi bega moja limeshuka. Hakujua ilikuwa mizigo ya nani. "Ya Wazungu," basi. Siku nilipomsimulia ile sinema, akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na watu wa huku, mwanangu, walikuwa wanasema nini?"

Sikuwa na jibu. Mwafrika anayeonekana sana kwenye sinema ile ni Mohammed, mtumishi wa steringi, na Mohammed ni bubu. Tena aliyemwigiza ni Ian Holm, Mwingereza aliyepakwa rangi. Delta yenyewe si delta. Walipiga picha Afrika Kusini, kwenye mto wa Transkei, na nyingine Malta. (Malta tena! Zilikotoka Severn na Mersey.)

Ndiyo maana naiogopa Part 2. Msiseme imechelewa. Lee Marvin alifariki 1987, Moore 2017, Holm 2020, na Wilbur Smith, mwandishi wa riwaya ile, Novemba 2021, lakini vitabu vyenye jina lake vinaendelea kutoka kwa mikono ya wengine. The Lion King ya 1994 ilirudiwa 2019, na 2024 ikaja Mufasa. Wenye fedha siku hizi hawaachi kitu kizee kikapumzika. Siku wakiikumbuka meli yetu, nahofu watakuja na kompyuta zao, watatengeneza mikoko mizuri kuliko ya kweli, na bubu atabaki bubu.

Ninayoitamani mimi ianzie Mohoro 1905. Steringi awe mtu mwenye kamba begani, aongee Kindengereko akiwa na wenzake na Kiswahili akiitwa na askari. Meli tuione kwa mbali tu, kama walivyoiona wao.

Nikiri jambo moja. Mwezi uliopita niliiangalia tena nikiwa na mtoto wa dada yangu, kwenye simu. Sehemu nyingine niliona aibu, nikatamani kuzirusha. Lakini meli ilipolipuka, mkono wangu ulipanda juu wenyewe, na yeye akaruka kitandani akipiga kelele. Ilipoisha akanishika shati.

"Mjomba, Part 2 ipo?"

Nikamwambia iko njiani, inatoka Dar.