Umusambi, Musambi, Korongo: Historia ya Jina la Ndege Kati ya Nakivale na Mbarara

Makala haya yanafuatilia historia ya jina moja la ndege na mabadiliko yanayolipata linapopita katika lugha kadhaa za wilaya ya Isingiro. Chanzo chake ni mjadala wa kifamilia niliousikiliza katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Mama Mnyarwanda na baba msemaji wa Kiswahili cha Kivu walitaka kumwita binti yao Umusambi, yaani korongo taji, ndege mwenye taji la manyoya ya dhahabu apendaye maeneo oevu. Shangazi wa mama alipinga. Hoja yake haikuwa ugeni wa jina, bali mwenyewe wa jina.

Katika jadi ya Rwanda, kila ukoo una kiumbe kinachoutambulisha, kiitwacho ikirangabwoko. Abasinga wana sakabaka, ambaye Waswahili humwita mwewe. Abagesera wana inyamanza. Umusambi ni wa Abanyiginya, ukoo waliotoka wafalme. Shangazi, ambaye ni wa Abasinga, aliona kwamba mtoto angeonekana kupenyezwa katika nyumba isiyo yake. Baba, ambaye hakulelewa katika hesabu hiyo ya koo, alimwona ndege mzuri tu.

Hofu ya shangazi ina historia nzito kuliko inavyodhaniwa. Nakivale ilifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na miongoni mwa waliopokelewa mapema ni Watutsi waliokimbia machafuko yaliyoanza Rwanda mwaka 1959. Mwaka 1961 ufalme wa Abanyiginya uliondolewa. Tarehe 9 Oktoba 1962 Uganda ikapata uhuru, na bendera iliyopandishwa ilikuwa na korongo taji katikati. Hivyo ndege aliyekuwa alama ya ukoo wa kifalme kule walikotoka, aliwakuta ugenini akiwa alama ya kila raia. Wanyankore wa jirani walikwisha kuwa na jina lao kwake, entuuha. Nadhani hapa ndipo mvutano wa wazee na vijana unapozaliwa: wazee wanataja ukoo, vijana wanataja bendera.

Je, Kiswahili kingeweza kuwapatanisha? Kina majina ya watu yanayotokana na ndege, na Tausi ni mfano unaojulikana zaidi. Neno hilo limetoka Kiarabu, na ndege mwenyewe ni wa Bara Hindi. Hakuna ukoo wa Afrika Mashariki unaomdai, ndiyo maana jina halimkwazi mtu. (Misitu ya Kongo ina tausi wake, aliyeelezwa na wanasayansi mwaka 1936 tu, lakini jina la Tausi halikumngoja.) Wakristo nao huwaita watoto Yona, lenye maana ya njiwa katika Kiebrania, na Sipora, ndege, mara nyingi bila kujua kwamba wametaja ndege. Korongo haliwezi kupita njia hiyo. Neno hilo hubeba pia maana ya bonde lililochimbwa na maji, na hakuna mzazi anayetaka mwanawe aitwe bonde.

Baba alishinda, lakini ofisini jina likaandikwa Musambi. Karani hakukosa kwa uzembe. Alidondosha irabu tangulizi kama majina ya Kinyankore yanavyofanya, na kama Kinyarwanda chenyewe kilivyozoea: Umutoni na Mutoni hutumika yote mawili. Tatizo ni kwamba Mbarara wapo wasemaji wengi wa Kiganda, na kwao omusambi ni mpiga mpira. Msichana ataulizwa anacheza nafasi gani. Kwa bahati ya ajabu, timu ya taifa ya kandanda ya Uganda imepewa jina la ndege yuleyule, ila kwa Kiingereza.

Kwa washauri wa sera, jambo hili si la mzaha. Irabu moja inayokuwapo katika kadi ya kliniki na kukosekana katika cheti cha kuzaliwa inaweza kumfanya mtoto aonekane watu wawili wakati wa mtihani au wa kuhamishiwa nchi nyingine. Marekebisho ya Katiba ya Uganda ya mwaka 2005 yalikitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia kukitekeleza. Napendekeza Kiswahili kitumike dirishani kuulizia jina, si kulinyoosha: fomu iwe na nafasi ya kutaja lugha ya jina, na karani amsomee mzazi alichoandika kabla ya kugonga mhuri. Gharama yake ni dakika mbili.

Mtoto sasa anatembea. Cheti kinasema Musambi, mama anasema Umusambi, na shangazi, ambaye hajakubali, humwita Inyange. Huyo ni yangeyange.