Gari jipya, breki zina mashaka: ufanyeje ukiwa Kasulu au Kibondo

Gari lina wiki tatu tangu lifike nyumbani. Viti bado vina nailoni, majirani bado wanakuja kulitazama. Asubuhi moja, ukiwa kwenye mteremko kuelekea sokoni, unakanyaga breki na pedeli inakwenda chini kuliko jana. Unakanyaga tena, gari linasimama. Unajiambia: gari jipya hili, haliwezi kuwa na tatizo.

Wasikilizaji wetu wa Kasulu na Kibondo hutuuliza kuhusu jambo hili kwa namna nyingi. Jibu letu huanza na maneno hayo ya mwisho, kwa sababu ndiyo yanayoponza watu.

Jipya kwa nani?

Magari mengi tunayoyaita mapya yalitumika kwanza Japani, yakapanda meli, yakashuka Dar es Salaam na kupewa namba za Tanzania. Namba E kwenye kibao haikuelezi umri wa gari. Inakueleza tu kwamba limesajiliwa nchini miaka ya karibuni. Umri wenyewe uko kwenye kadi ya gari, mahali palipoandikwa mwaka wa kutengenezwa, na hapo unaweza kukuta 2009. Kilomita nazo si za kuamini moja kwa moja. Mita hurudishwa nyuma, na kila dereva analijua hilo.

Tuseme basi gari lako kweli lina mwaka mmoja au miwili. Bado breki zinaweza kuwa na kasoro, kwa sababu huharibika kwa kusimama kama zinavyoharibika kwa kutembea. Gari likikaa miezi bandarini au yadi, diski hushika kutu, pini za kalipa, yaani kile chuma kinachobana pedi kwenye diski, hukauka, na kebo ya hendibreki hukwama. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewani hata gari likiwa limeegeshwa.

Unyevu huo si jambo dogo kwa watu wa milimani. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi joto 205. Yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7 tu, kiwango kinachotakiwa hushuka hadi nyuzi 140. Ukishuka mteremko mrefu ukiwa na mzigo, mguu haujatoka kwenye breki, joto hupanda, mafuta huchemka na kutoa mapovu ya mvuke. Mvuke hubonyea, mafuta hayabonyei. Ndiyo maana pedeli huwa laini ghafla, halafu gari likipoa inarudi kuwa ngumu kana kwamba hakuna lililotokea. Fundi akiipima jioni anakuambia breki ni nzima. Ukishuka kutoka Kasulu kwenda Kigoma mjini, unaacha nyanda za juu na kuishia kwenye ziwa lililo mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo dalili ya namna hii inaweza kujitokeza njiani kabla haijaonekana mjini Kasulu.

Kelele zisizo na madhara, na zile zenye madhara

Si kila sauti ni ugonjwa. Gari lililolala kwenye mvua au umande wa Kibondo litakwaruza asubuhi unapokanyaga breki mara mbili tatu za kwanza. Hiyo ni kutu nyepesi ya diski na hufutika yenyewe. Vumbi letu jekundu likiingia kati ya pedi na diski hutoa mlio mwembamba, na tope likiganda upande wa ndani wa rimu husababisha usukani kutikisika. Osha rimu vizuri kabla ya kumlaumu mtu.

Barabara ya changarawe ina hila yake. Gari lenye ABS, ule mfumo unaozuia matairi yasijifunge, likifungwa breki kwa nguvu kwenye vumbi au changarawe, pedeli hutetemeka chini ya mguu na husikika mgurumo. Dereva aliyezoea gari la zamani hudhani kitu kimevunjika, anaachia breki, na hapo ndipo anapogonga. Mtetemo huo ni ABS ikifanya kazi. Endelea kukanyaga. Ujue pia kwamba kwenye changarawe iliyolegea ABS inaweza kurefusha umbali wa kusimama, kwa sababu tairi halipewi nafasi ya kujichimbia. Mwendo uliokuwa salama kwenye lami hauwi salama pale lami inapoisha.

Dalili zifuatazo hazina mjadala. Pedeli ikishuka polepole huku umeikanyaga bila kuachia, ikiwa laini kama sponji, au ikihitaji kupampu ndipo ishike, usiendeshe. Gari likivutwa upande mmoja kila ukifunga breki, au tairi moja likitoa harufu ya kuungua, usiendeshe. Taa nyekundu ya breki ikibaki imewaka baada ya kuhakikisha umeshusha hendibreki, zima gari. Taa ya njano ya ABS ikiwaka peke yake, breki za kawaida kwa kawaida bado zipo, ila bila msaada wa ABS. Nenda taratibu kwa fundi. Mlio wa chuma kusaga chuma maana yake pedi zimekwisha na sasa unakula diski.

Vipimo vya dakika kumi

Egesha mahali pa tambarare, weka kigingi kwenye tairi. Fungua boneti utafute kikopo cha mafuta ya breki, kwa kawaida upande wa dereva, karibu na kioo. Mafuta yawe kati ya alama ya MIN na MAX. Kiwango hushuka kidogo kidogo kadiri pedi zinavyolika, hilo ni la kawaida. Kikishuka ndani ya siku chache, kuna mahali panavuja. Kuongeza mafuta na kuondoka ni kuficha ushahidi, tena ni kujidanganya. Chungulia nyuma ya kila tairi kama kuna majimaji, na chini ya pedeli ndani ya gari.

Kisha, injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedeli mara nne au tano hadi iwe ngumu. Endelea kuikanyaga huku ukiwasha injini. Pedeli inapaswa kuzama kidogo. Isipozama kabisa, busta, ile inayoupa mguu nguvu, inaweza kuwa na shida. Injini ikiwa inaunguruma, kanyaga kwa nguvu ya kawaida na uhesabu hadi thelathini. Pedeli ikizidi kwenda chini, mafuta yanapita mahali yasipopaswa kupita, mara nyingi ndani ya masta silinda, hata kama nje pakavu.

Kama pedeli imefaulu vipimo hivyo, tembea mwendo mdogo mahali tupu na tambarare, kilomita 20 kwa saa, ufunge breki taratibu. Baada ya safari fupi sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja ikiwa na joto kuliko mwenzake wa upande wa pili, kalipa imekwama.

Andika unachokiona: tarehe, kilomita, mteremko au tambarare, mvua au jua, gari tupu au lenye mzigo. Piga picha ya dashibodi taa ikiwa imewaka, na ya kikopo cha mafuta. Simu uliyonayo mkononi ni shahidi mzuri kuliko maelezo utakayoyatoa mwezi ujao.

Hata kiwandani hukosea

Mtu akikuambia kampuni kubwa haiwezi kutoa gari lenye breki mbovu, mwambie habari za mwaka 2010. Februari mwaka huo Toyota iliyaita magari kama 437,000 ya haibridi duniani, mengi yakiwa Prius mpya kabisa. Madereva walilalamika kwamba kwenye barabara mbovu au yenye utelezi breki zilikuwa kana kwamba zinaachia kwa kitambo kidogo. Hakuna pedi iliyokuwa imelika. Kasoro ilikuwa kwenye programu ya ABS, na tiba ikawa kuisahihisha kwa kompyuta. Fundi anayetazama pedi peke yake asingeiona.

Oktoba mwaka huohuo kampuni hiyo iliita magari mengine, takribani milioni 1.53, mengi yakiwa Marekani na Japani. Safari hii ilikuwa mpira ndani ya masta silinda. Yakitumika mafuta ya breki ya aina fulani, tofauti na yale ya kiwandani, mpira huo uliweza kukauka na kujikunja, mafuta yakavuja polepole kuelekea kwenye busta, mahali ambapo jicho halifiki. Kati ya yaliyoitwa Marekani lilikuwamo Highlander, ndugu wa Kluger tunazoziona hapa kila siku.

Kwa hiyo mambo mawili. Nunua mafuta ya breki yenye daraja lililoandikwa kwenye kifuniko cha kikopo, chupa ikiwa haijafunguliwa. Usikubali kabisa kuwekewa oili ya injini au mafuta ya stiringi, hata kidogo, kwa sababu huvimbisha mipira yote ya mfumo. La pili, chukua namba ya chasi kwenye kadi na umwombe muuzaji rasmi wa aina hiyo ya gari aangalie kama liliitwa kiwandani na kama lilitengenezwa. Gari lililotoka Japani huenda liliitwa baada ya mwenyewe wa kwanza kuliuza, na barua ikaenda kwa mtu ambaye hana gari tena.

Fundi wa jirani au muuzaji?

Hapa ndipo penye ugumu kwa mtu wa Kibondo. Karakana rasmi iko mbali. Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000. Fundi wa mtaani yuko hatua chache, na ana spana mkononi. Kama gari lina dhamana, akilifungua kabla muuzaji hajajua, umempa muuzaji sababu ya kusema kwamba kasoro imeletwa na fundi wako.

Sisi tunashauri hivi: mwambie muuzaji siku hiyohiyo, kwa maandishi, hata kama ni kwa WhatsApp au meseji, ukiambatanisha picha. Muulize anataka gari likaguliwe wapi. Usimlipie fundi chochote zaidi ya ukaguzi hadi jibu lije, labda kama gari limekwama njiani. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inautambua ujumbe wa simu kama ushahidi, basi usiufute. Hifadhi na risiti ya EFD. Usikubali kuambiwa uliendeshe polepole hadi Dar huku pedeli inazama. Gari la namna hiyo hubebwa.

Ukinunua kwa mfanyabiashara wa magari, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inakulinda kwa kiasi: bidhaa iwe ya ubora unaokubalika na ifae kwa kazi yake. Lakini ukilikagua gari kabla ya kununua, huwezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ungepaswa kuionyesha. Na ukikaa nalo muda mrefu kimya, huhesabiwa umelikubali. Ukinunua kwa mtu binafsi, ulinzi ni mdogo zaidi. Muuzaji akikataa kusikiliza, Tume ya Ushindani, FCC, hupokea malalamiko ya walaji. Dhamana nyingi hazigusi pedi, kwa kuwa hulika kwa matumizi, na bima kubwa nayo kwa kawaida hailipii kifaa kilichochakaa.

Zikikataa ukiwa mteremkoni

Lami inazidi kusogea kwenye njia ya Manyovu, Kasulu, Kibondo hadi Kabingo, na mwendo umepanda nayo. Mwendo ukizidi mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki huwa kama mara nne. Breki zikikataa, pampu pedeli haraka. Shusha gia moja moja. Kwenye otomatiki vuta 3, 2, kisha L, au B kwenye haibridi. Vuta hendibreki kidogo kidogo huku umeshika kitufe chake, isije ikafunga matairi ya nyuma. Usizime injini, maana usukani utakuwa mzito na busta itaishiwa nguvu. Ikibidi, usukani uelekee kwenye ukingo wa mlima, mbali na korongo.

Wapo wanaoweka gia fri mteremkoni ili kuokoa mafuta. Kwenye gari lenye breki za mashaka hakuna kubana matumizi kwa gharama kubwa kama huko.

Spea ikishafika kwa basi na kufungwa, hakikisha fundi ametoa upepo kwenye mfumo wote na amebadilisha pedi za pande zote mbili za ekseli, si upande mmoja. Muombe akurudishie za zamani. Kwa kilomita mia chache za mwanzo funga breki taratibu, pedi zizoeane na diski, na ufungue boneti kila asubuhi kwa wiki moja kuangalia kikopo. Kiwango kikibaki palepale, unaweza kupakia watoto.