Miaka Minne ya Makuli

Mwanafunzi wangu mmoja wa historia aliniletea namba ya ajabu: 1939194319471950. Aliikuta katika faili la matini aliyoichopoa kwenye ukurasa wa mtandao kuhusu wafanyakazi wa Bandari ya Dar es Salaam. Ilikuwa ni miaka minne ya migomo ya makuli, ambayo katika ukurasa wenyewe ilikaa kila mmoja ndani ya kisanduku chake cha jedwali.

Alitumia ruwaza fupi ya kutafutia matini, <[^>]+>, ambayo hukamata kila kilichofungwa kati ya mabano ya HTML, naye akavifuta vyote. Nilimsifu kwa kutotumia <.*>, maana hiyo ni lafi: huanzia bano la kwanza la mstari na kumeza hadi la mwisho, pamoja na maneno tunayoyataka. Lakini ruwaza yake ilibomoa kuta za jedwali bila kuacha hata nafasi.

Msingi wa ruwaza hizi uliwekwa katika maandishi ya Stephen Kleene ya mwaka 1956, naye Ken Thompson akazipeleka kwenye utafutaji wa matini mwaka 1968. HTML ilizaliwa miongo miwili baadaye, na vipengele vyake hukaa kimoja ndani ya kingine, kina ambacho ruwaza za Kleene haziwezi kukihesabu.

Hasara yenyewe si ndogo. Mgomo wa Septemba 1947 ulianzia gatini ukafuata reli hadi bara. Ule wa 1950 ulimalizika kwa ghasia, na chama cha makuli kikavunjwa. Ukiiunganisha miaka, umefuta njia iliyowafikisha watu hao huko.

Watumishi wa umma wanaonisoma wasidhani haya ni ya wanahistoria tu. Katika rasimu ya sheria iliyowekwa mtandaoni, maneno yaliyokatwa kwa alama ya <del> hurudi kuwa halali alama hiyo ikifutwa. Namba za vifungu zilizotolewa na orodha ya <ol> hutoweka kabisa, kwa kuwa huwekwa na kivinjari na hazimo katika matini. (Nimewahi kunukuu kifungu kwa namba isiyo yake kwa sababu hiyohiyo.)

Tulirudia kazi kwa kichanganuzi cha HTML, kinachosoma jedwali kisanduku kwa kisanduku. Miaka ikatengana, na kando ya 1947 yakajitokeza maelezo ambayo faili la kwanza lilikuwa limeyasukuma mwisho wa ukurasa.