Lucinda Williams
Lucinda Williams (alizaliwa 26 Januari 1953, Lake Charles, Louisiana) ni mwimbaji na mtunzi wa Marekani anayeunganisha bluzi, kantri na roki. Binti huyu wa mshairi Miller Williams alianza na kampuni ndogo ya Folkways: Ramblin' (1979) ilikuwa na nyimbo za watu wengine, nyingi za bluzi kongwe, na Happy Woman Blues (1980) ilikuwa na tungo zake mwenyewe. Kampuni kubwa zilimkataa, zikimwona si wa kantri wala si wa roki. Rough Trade, kampuni huru ya Uingereza iliyojulikana kwa panki, ndiyo iliyotoa albamu ya 1988 iliyomjenga. Wimbo wake mmoja, "Passionate Kisses", ulipoimbwa na Mary Chapin Carpenter, ulimpa Williams tuzo ya Grammy mwaka 1994. Uhuru, basi, ndio uliomlea.

Mtu anaweza kupinga hoja hii kwa kusema kwamba albamu yake mashuhuri zaidi, Car Wheels on a Gravel Road (1998), ilitolewa na Mercury, kampuni kubwa. Ni kweli, na usambazaji wake ulimfaa sana. Lakini albamu hiyo ilichukua miaka kadhaa kwa sababu aliirekodi upya, akikataa kuiachia kabla haijamridhisha. Ukaidi huo wa thamani hakufundishwa na Mercury. Mwaka 2014 alitumia lebo yake mwenyewe, Highway 20 Records, kutoa albamu ya sahani mbili. Hata baada ya kiharusi cha Novemba 2020, kilichomzuia kupiga gitaa, aliendelea kutunga na kuimba jukwaani, na lebo hiyo ikatoa Stories from a Rock n Roll Heart mwaka 2023.