Maonyo ya Vyeti vya Usalama katika Vivinjari vya Linux

Onyo la cheti cha usalama ni ukurasa unaoonyeshwa na kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti kama vile Firefox au Chromium, pale kinaposhindwa kuthibitisha kwamba seva inayojibu ndiyo kweli yenye jina lililoandikwa kwenye anwani. Cheti chenyewe ni faili dogo lenye jina la tovuti, ufunguo wake wa umma, tarehe za kuanza na kwisha, pamoja na sahihi ya kidijitali ya mamlaka iliyokitoa. Nayo mamlaka huaminiwa kwa sababu cheti chake cha mzizi, kilicho chimbuko la sahihi zote zinazofuata, kimekwisha kuwekwa ndani ya kompyuta. Onyo likizuka mara tu baada ya kusasisha Linux, lawama hutupiwa sasisho, ingawa mara nyingi sasisho huwa limefichua tu kasoro iliyokuwapo zamani.

Katika mitaa kama Magogoni, wadi iliyo katika eneo bunge la Kisauni upande wa bara wa Mombasa, ambako saiba, yaani vibanda vya intaneti, huwahudumia wateja wa tovuti za serikali za eCitizen na iTax, mara nyingi kwa kompyuta za mitumba, jambo la kwanza la kuchunguza ni saa. Kompyuta ya mezani ikikatiwa umeme hutunza saa kwa betri bapa ya CR2032 yenye volti 3, na betri hiyo ikifa, kila umeme unapokatika saa hurudi nyuma, pengine kwa miaka, hata vyeti halali vikaonekana kana kwamba muda wake haujaanza. Sasisho husingiziwa pale mashine inapozimwa na kukatiwa umeme punde baada yake, na kukatiwa huko ndiko kunakoifichua betri iliyokufa. Amri ya timedatectl huonyesha tarehe na ukanda wa saa, ambao kwa Kenya ni Africa/Nairobi, saa 3 mbele ya saa ya dunia ya UTC. Anayeirekebisha kwa mkono akumbuke kwamba saa mbili ya asubuhi kompyuta huiandika 08:00. Tarehe ikibaki nyuma, hata apt, programu inayopakua vifurushi katika Debian na Ubuntu, hukataa orodha za vifurushi kwa madai kwamba bado hazijawa halali, kwa hiyo kusasisha tena kabla ya kuweka saa sawa ni kazi bure.

Tarehe ikiwa sahihi, hutazamwa hifadhi ya vyeti vya mizizi, ambayo katika jamii ya Debian huletwa na kifurushi kiitwacho ca-certificates. Kisa mashuhuri ni cha tarehe 30 Septemba 2021, ulipokwisha muda wa cheti cha mzizi DST Root CA X3, ambacho Let's Encrypt, mamlaka inayotoa vyeti bila malipo, ilikuwa imekiegemea kabla mzizi wake yenyewe, ISRG Root X1, haujaenea. Mifumo yenye OpenSSL 1.0.2, kama Ubuntu 16.04, ilikwama hata pale mzizi mpya ulipokuwamo, kwa sababu maktaba hiyo ya programu ilishikilia njia ndefu inayoishia kwenye mzizi uliokufa. Tiba ilikuwa kuuondoa mzizi wa kale kwa kutia alama ya mshangao mbele ya jina lake katika faili la /etc/ca-certificates.conf, kisha kuendesha update-ca-certificates. Firefox ya wakati huo haikutikisika, huku curl, programu ya kupakua kwa amri, kwenye mashine ileile ikikataa tovuti ileile.

Tofauti hiyo yatokana na Firefox kubeba hifadhi yake yenyewe isiyotegemea ile ya mfumo, na Chrome ya Linux nayo imefuata mkondo huo tangu 2023. Ndiyo sababu cheti cha mtandao wa ofisi, ambacho fundi amekiweka katika /usr/local/share/ca-certificates, huweza kukubaliwa na programu nyingine na Firefox isikitambue mpaka kiingizwe ndani ya mipangilio yake.

Idadi ya tovuti zinazolalamikiwa hutoa dalili nzuri. Tovuti moja ikikataliwa peke yake, kosa huenda ni la mwenye tovuti aliyesahau kuhuisha cheti. Zote zikikataliwa kwa pamoja ilhali saa ni sahihi, huenda Wi-Fi inangoja mtumiaji aingie kwanza kwenye ukurasa wake, au kuna chombo kinachoyapokea mawasiliano katikati na kuyatia sahihi nyingine. Mwaka 2019 serikali ya Kazakhstan iliwataka wananchi waweke mzizi wake ili iyapokee mawasiliano yao kwa njia hiyo, na Mozilla, Google na Apple zikauzuia katika vivinjari vyao. Kubofya kitufe cha kuendelea ili mteja asicheleweshwe ni tabia mbaya kuliko hitilafu yenyewe, hasa pale nenosiri la mtu mwingine linapokaribia kuandikwa.

Makosa ya saa yatazidi kuonekana kadiri muda wa vyeti unavyofupishwa, kwa maana jukwaa la mamlaka za vyeti na watengenezaji wa vivinjari liliamua Aprili 2025 kwamba kuanzia tarehe 15 Machi 2029 cheti cha tovuti kisidumu zaidi ya siku 47.