Shule ya Uani: Watoto wa Kilosa Walivyosomeshwa kwa Mikono



Sisi kazi yetu ni kushona, na mabibi harusi wanaokuja kupima mashela huzungumza mengi zaidi ya nguo. Siku hizi wengi wanaolewa bara. Anayemfuata mume Kilosa au Mikumi hutuuliza: huko ugenini, mtoto wangu atasomea wapi akiwa bado mdogo? Nyumbani nitaweza mwenyewe? Wengine wameshaona kwenye simu vifaa vya mbao vya bei kubwa, na wanadhani bila hivyo mtoto hafundishiki. Kabla hamjafungua pochi, tuangalie historia.

Wenyeji wa Kilosa ni Wasagara na Wakaguru, na kusini, milimani upande wa Mikumi, wapo Wavidunda. Wote hawa kwa asili huhesabu ukoo kwa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, kwa hiyo bibi mzaa mama na mjomba walikuwa na sauti kubwa katika malezi. Darasa lilikuwa uani na shambani. Mtoto mdogo alikaa pembeni ya bibi akichambua mbegu, nzima huku, mbovu kule. Alipewa kibuyu kidogo cha kuchotea maji, kinacholingana na nguvu zake. Gunzi la mahindi likafungwa kitambaa likawa mtoto wa kubebwa mgongoni. Jioni vikaja vitendawili, na aliyeshindwa kutegua akatoa mji.

Hata mwali alifundishwa hivyo. Kwa majirani zao wa mashariki, Waluguru, Wakwere na Wazaramo, msichana aliyewekwa ndani alikuwa na mwana hiti, sanamu ndogo ya mbao aliyoitunza kama mtoto. Akiiogesha na kuipaka mafuta, mikono ilikuwa inajifunza ulezi kabla ya ndoa.

Njia ya misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita nchi ya Usagara, na Uislamu ulisafiri bara kwa njia hizo, pamoja na vyuo vya Qur'ani. Chuoni mtoto hakukaa kusikiliza tu. Aliandika alif kwa kalamu ya mwanzi na wino wa masizi juu ya ubao, akasoma kwa sauti, akaufuta kwa maji, akaandika tena. Jicho, mkono na ulimi vilifanya kazi pamoja.

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, ikapita Kilosa na kumalizikia Kigoma 1914. Mwaka huohuo wa 1907, mjini Roma, daktari Maria Montessori alifungua nyumba ya kulelea watoto wa wafanyakazi maskini katika mtaa wa San Lorenzo. Aliwapa kazi za mikono: kumimina maji, kupanga vitu kwa ukubwa, kufunga na kufungua vifungo. Dunia ikamsifu, na alistahili. Lakini bibi wa Kisagara angeziona kazi hizo angezitambua mara moja.

Basi kwa nini leo tunajiona hatuwezi? Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule iunganishe kitabu na kazi. Mwaka 1974 Azimio la Musoma likahimiza elimu ya msingi kwa wote, na Sheria ya Elimu ya 1978 ikamtaka mzazi amwandikishe mtoto aliyetimiza miaka 7. Hilo lilikuwa jambo jema. Wengi wetu tumejua kusoma kwa sababu yake. Ila tunaona kuna kitu kilipotea njiani: mama alianza kuamini kwamba kufundisha ni kwa mwalimu peke yake, naye kazi yake ni kungoja mtoto afikishe umri.

Aliyeturudisha ni mwanamke wa pwani. Katikati ya miaka ya 1980, Mombasa, Bi Swafiya Said alianza kuwafunza wanawake wa mitaani kuendesha shule za awali ndani ya madrasa, kwa msaada wa Taasisi ya Aga Khan. Mpango huo ulifika Zanzibar 1990 na Uganda 1993. Vifaa vilikuwa vifuu, mbegu, makopo na vitambaa, na nyimbo zikawa za Kiswahili na za dini.

Tusijidanganye, lakini. Utafiti uliochapishwa 2008 katika nchi hizo tatu ulionyesha kwamba watoto wa shule hizo za madrasa ndio walioendelea zaidi, wakafuatiwa na wa shule nyingine za awali, na waliobaki nyumbani wakawa nyuma. Kwa hiyo kumweka mtoto nyumbani peke yake si elimu. Kama shule ya awali ipo karibu, mpeleke. Kama haipo, au akirudi mchana, nyumba yako iwe na kazi yenye mpango.

Dada unayekwenda Mikumi, anza na ulivyonavyo. Mpe maharage na mahindi atenganishe, ahesabu kumi kumi. Vifungo vya nguo kuukuu apange kwa rangi na kwa ukubwa. Aandike alif na herufi a mchangani kwa kidole. Apime unga kwa kikombe mnapopika. Nusu saa kila siku, wewe ukiwa umekaa naye na simu umeiweka mbali. Vitu vidogo usimwachie mtoto anayetia kila kitu mdomoni. Na umri wa shule ukifika, mwandikishe. Haki hiyo usimnyime.

Mashela tunayowashonea mtayavaa siku moja. Miaka ya kabla ya darasa la kwanza ni michache, nayo mtoto anaipitia mikononi mwenu. Allah awape watoto wema na subira ya kuwalea. Amin.