Nambari Zipendanazo: Suali la Baghdad Lisilokwisha

Vitabu vya Kiingereza tulivyosomeshwa skuli viliianza elimu ya nambari kwa Wayunani, kisha vikaruka karne nyingi hadi Ufaransa. Msomaji wa Kiarabu hulikuta daraja lililo baina yao, na mmoja katika wajenzi wake ni Thabit bin Qurra, Msabii wa Harran, aliyefariki Baghdad mwaka 288 Hijria (901 Miladia).

Yeye alizishughulikia al-a'dad al-mutahabba, yaani nambari zipendanazo. Chukua 220. Vigawo vyake, ukiiacha yenyewe, ni 1, 2, 4, 5, 10, 11, 20, 22, 44, 55 na 110. Jumla yake ni 284. Vigawo vya 284 ni 1, 2, 4, 71 na 142. Jumla yake inarudi kuwa 220. Ibn Khaldun ametaja katika Muqaddima kwamba watu wa talasimu walizitumia nambari hizi mbili kutafutia mapenzi.

Wayunani waliijua jozi hii moja. Thabit akaleta kanuni pamoja na burhani yake. Anza na 3, uzidishe kwa mbili kila mara: 3, 6, 12, 24, 48. Chukua mbili zinazofuatana, tuseme 6 na 12, utoe moja katika kila moja: 5 na 11. Zidisha 6 kwa 12, utoe moja: 71. Zote tatu zikiwa nambari tasa, gawa 12 kwa 3 upate 4. Basi 4 mara 5 mara 11 ni 220, na 4 mara 71 ni 284.

Ukichukua 24 na 48, utapata 17,296 na 18,416. Kamal al-Din al-Farisi, aliyefariki takriban mwaka 1320, aliiandika jozi hiyo. Hata hivyo imezoeleka kuitwa jozi ya Fermat, Mfaransa aliyeitaja mwaka 1636. Ya tatu, 9,363,584 na 9,437,056, husifiwa kwayo Descartes, ilhali Muhammad Baqir Yazdi wa Iran naye aliipata. Ni mwaka 1852 tu ndipo Franz Woepcke alipowafahamisha Wazungu, kwa Kifaransa, kazi ya Thabit.

Kanuni hiyo haizifikii jozi zote. Mwaka 1866 kijana wa Kitaliana wa miaka 16, Niccolò Paganini, alitoa 1,184 na 1,210, ndogo hivyo na zimewapita mabingwa wote. Leo kompyuta zimekusanya jozi zaidi ya bilioni moja. Lakini je, jozi hizi zina mwisho? Iko jozi ambayo moja ni shufwa na mwenziwe witiri? Hakuna aliyethibitisha.

Shufwa, witiri, jozi, hesabu: maneno haya Kiswahili kimeyapokea kwa Kiarabu, na suali lenyewe bado li wazi. Historia ya al-Farisi inatuonya kuwa kitabu kisichosomwa humpa mwengine jina. Mwenye makaratasi ya wazee sandukuni na ayatoe yasomwe.